Tumeulinda Mlango, Ukuta Tumeuacha

Katika sheria za Kenya imo ibara moja ambayo kila niisomapo hunitia furaha, kisha furaha ile ikageuka masikitiko kabla sijaufunga ukurasa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, ikiandamia ile ya mwaka 1983 iliyohusu mambo ya kale, inapokuja kueleza ni vitu gani vyenye kustahili himaya ya dola, huutaja waziwazi mlango, au fremu ya mlango, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Furaha yangu ni kuona ya kuwa watunga sheria, ambao aghalabu huyatazama mambo ya pwani kwa mbali, waliitambua thamani ya kazi ya nakshi iliyofanywa na mafundi wa Mvita, wa Lamu na wa Siyu hata wakaiandika katika daftari la serikali. Na masikitiko yangu ni kwamba mlango huo umetajwa kana kwamba umesimama peke yake uwanjani, pasina ukuta unaoushika, pasina chokaa inayoushika ukuta huo, na pasina mwashi aliyejua kuichanganya.

Sisemi kwamba sheria hiyo haina nguvu juu ya majengo. Inayo, na Mji wa Kale wa Mombasa, wenye ukubwa wa hekta 72 hivi, ni eneo la hifadhi lenye ofisi yake na kanuni zake, ambazo mwenye nyumba hutakiwa kuzifuata kabla ya kubomoa au kujenga, na ambazo zilizidi kupata uzito mwaka 2011, Ngome ya Yesu ilipotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Walakini macho yetu sote, ya maofisa, ya watalii na ya wenye mji, yamezoea kutua juu ya vile vinavyopendeza kutoka njiani, yaani mlango na roshani, hata nyumba inayooza ndani ikapakwa rangi mpya usoni huhesabiwa kuwa imehifadhiwa. Rai yangu ni kinyume cha hayo. Kitu cha kwanza kulindwa katika Mji wa Kale ni chokaa, na mlango, pamoja na haiba yake yote, uje baadaye.

Basi na tuiangalie nyumba yenyewe, kwa kuwa wengi wa wanaoipita kila siku wakienda sokoni au msikitini hawajapata kujiuliza kwa nini imekuwa hivyo ilivyo. Apitaye Ndia Kuu, au ile barabara iliyopewa jina la Sir Mbarak Ali Hinawy, Liwali wa Pwani, ataona nyumba ambazo nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, za ghorofa mbili au tatu, chini duka au ghala na juu maskani, zenye roshani za mbao zilizotobolewa kwa msumeno mithili ya zile za Kachi na Gujarati, ambazo Waswahili na Waarabu wa hapa walizipokea hata zikawa za kwao. Hilo ni umbo la mji wa biashara. Lakini ndani ya umbo hilo mumekaa mpango mkongwe zaidi, uliokuwako pwani hii kabla ya roshani ya kwanza kutundikwa: daka la kuingilia, baraza za mawe huku na huku, mlango wa mbao mbili wenye mfaa katikati, kisha njia iliyopindwa makusudi ili aliyesimama mlangoni asipate kuona ndani, kisha ukumbi, kisha ndani, kila chumba kikiwa nyuma ya chenzake na kila hatua ikimwacha nyuma mtu asiyehusika. Mwenye kuja kwa shughuli hukomea barazani; jamaa hufika ukumbini; ndani ni kwa watu wa nyumba. Heshima ya nyumba ilikuwa katika ramani yake, haikuhitaji bawabu.

Na baraza ile, ambayo wengine huiona kama pambo la nje, ilikuwa ndiyo sehemu ya nyumba waliyopewa watu wa mtaa bila ya kodi. Hapo kahawa chungu ilinywewa kwa kashata, ndoa zikapangwa, na habari za majahazi zikapimwa ukweli wake. Siku hizi nimeona baraza zilizokatwa kwa nyundo ili pikipiki ipate pa kulala usiku. Na sijui ni ibara gani ya sheria itakayomrudishia mzee pahali pake pa kukaa.

Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, na wageni wengi hudhani wembamba huo ni upungufu wa maarifa. Dari, lakini, lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mita 3 hivi bila ya kuanza kulegea. Kwa hiyo mti uliokua katika matope ya Lamu au ya Rufiji ndio uliopima upana wa chumba cha muungwana wa Mombasa, kadhalika cha tajiri wa Maskati na wa Kuwait, maana majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalirejea na kusi yamesheheni boriti hizo hizo, biashara ambayo baharia mwandishi Alan Villiers aliishuhudia Rufiji alipokuwa katika jahazi la Kikuwait mwaka 1939. Kuta zikafanywa nene, nusu mita na pengine zaidi, ili joto la mchana lichelewe kufika ndani. Dari likainuliwa juu. Na katika unene huo wa ukuta vikachongwa vidaka vya kuwekea misahafu, taa na vyombo vya kaure. Barabara nayo ikaachwa nyembamba ili nyumba moja impe mwenziwe kivuli. Hakuna hata moja katika mambo haya lililofanywa kwa ajili ya kupigwa picha.

Ama vitu vilivyoijenga nyumba hiyo, hapo ndipo ilipo hikima kubwa zaidi, na ndipo palipopotea maarifa mengi zaidi. Kisiwa cha Mombasa chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya zama za kale ulioinuka kutoka baharini, na mawe ya kuta yalichimbwa humo, mawe magumu, yenye pembe kali, yasiyokubali kuchongwa sana. Kwa kazi ya ustadi, kama vile miimo, matao na vidaka, waashi walitaka matumbawe ya baharini yaliyokatwa yangali mabichi, ambayo yakiwa na maji yake hukubali shoka na patasi kwa urahisi, na yakikauka huwa magumu na mepesi. Kisha vipande vya matumbawe vilipangwa juu ya rundo kubwa la magogo, moto ukatiwa, ukawaka hata mawe yakageuka meupe na kuwa dhaifu. Yakatiwa maji, yakachemka na kupasuka yenyewe yakawa unga na uji mzito, na uji huo ukalazwa shimoni kwa miezi, kwani kadiri chokaa inavyolala ndivyo inavyolainika. Ikatolewa, ikachanganywa na mchanga, ukuta ukaakwa. Na juu ya ukuta ikapigwa lipu ya chokaa hiyo hiyo, mkono mmoja baada ya mwingine, ya mwisho ikiwa niru laini inayong'aa kama imepakwa mafuta. Sakafu za ghorofani zilimwagwa chokaa na kokoto juu ya boriti, watu wakajipanga safu wakazipiga kwa vipande vya mti siku baada ya siku, kwa nyimbo, hata zikashikamana.

Chokaa hiyo haigandi kwa haraka. Huvuta hewa kidogo kidogo na kurejea polepole katika ujiwe wake wa asili, na hata ikisha kuganda hubaki na vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo maji hupita kwa namna ya mvuke. Tena ukuta wa matumbawe una chumvi ndani yake, na unyevu wa ardhi ya kisiwa huupanda daima kutoka chini, na mvua za masika huupiga kutoka nje. Mwashi wa kale hakujaribu kuyazuia maji hayo, maana alijua kuwa ni muhali. Aliyafungulia njia ya kutokea. Yaliyoingia wakati wa masika yalitoka wakati wa kaskazi kwa kupitia lipu, na lipu ikichakaa ilipigwa nyingine, kwa kuwa lipu ndiyo iliyotakiwa ichakae badala ya jiwe. Ile desturi ya kupaka nyumba chokaa nyeupe mara kwa mara, ambayo tumezoea kuidhania kuwa ni pambo la kuikaribisha Idi, ilikuwa ni tiba ya ukuta pia.

Mwaka 1824 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Mwezi wa Februari nahodha Mwingereza William Owen alitia nanga Mombasa na manowari yake Leven, na Mazrui, waliokuwa wakiutawala mji na wakichelea nguvu za Seyyid Said wa Omani, wakakubaliana naye mji uwe chini ya himaya ya Uingereza. Himaya hiyo Uingereza yenyewe iliikataa, ikafutwa mwaka 1826, na athari iliyobaki mjini ni jina la manowari ile juu ya nyumba moja ya mawe iliyo karibu na bandari ya zamani na juu ya ngazi za kuteremkia majini. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, huko Leeds, mjenzi aitwaye Joseph Aspdin alipewa hati ya uvumbuzi wa saruji aliyoiita Portland. Bendera ya Owen haikutimiza miaka mitatu. Saruji ya Aspdin imeutawala Mji wa Kale hata leo, na haikuhitaji manowari.

Ilichelewa kuja, lakini ilipokuja ilikuja karibu. Mnamo 1954 kiwanda cha saruji kilianza kazi Bamburi, kaskazini ya kisiwa, kikichimba mwamba ule ule wa matumbawe ya kale ambao mababu waliuchoma wakapata chokaa. Tofauti ni moto na mchanganyo: chokaa hupatikana kwa joto la nyuzi 900 hivi, na saruji hutaka zaidi ya 1,400, pamoja na udongo wa mfinyanzi ndani yake. Jiwe likawa moja na watoto wakawa na tabia mbili. Saruji iliganda kwa siku moja, iliuzwa kwa mfuko katika kila duka, na haikudai mtu asubiri shimo la chokaa lilale miezi. Basi ni nani angemlaumu mwenye nyumba aliyeichagua? Matanuu yakazimika, waashi wazee wakafa na maarifa yao, na watoto wao wakawa mafundi wa saruji, tena mafundi wazuri, kwa majengo yaliyofaa saruji.

Kosa liko katika kuipiga saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Ukuta huo huwa ni kama mtu aliyevishwa koti la mpira katika jua la mwezi wa Februari: jasho lake halina pa kutokea. Unyevu unaopanda kutoka chini hauwezi kuipenya saruji. Hujikusanya nyuma yake pamoja na chumvi, na chumvi ikikauka hufura na kuisukuma lipu hata ikabenuka na kuanguka vipande vipande, ikiondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, huita fundi akapiga saruji nyingine, nene kuliko ya kwanza. Maji, yakiwa yamezibiwa huku, hupanda juu zaidi kutafuta njia, mpaka yakazifikia ncha za boriti zilizozikwa ndani ya ukuta, pahali ambapo hakuna jicho la mtu linalofika. Na boriti, ambayo ikikaa pakavu huweza kudumu umri wa wajukuu, huoza pale pale kwenye ncha huku katikati yake ikionekana nzima. Ongeza tangi la maji lililopandishwa juu ya paa, ongeza mabomba ya choo yaliyopitishwa ukutani na kuvuja kimyakimya, ongeza zege la ghorofa mpya juu ya kuta zilizopimwa kwa ajili ya makuti. Hatimaye dari hushuka usiku mmoja wa masika, na watu hukusanyika asubuhi wakasema: nyumba ilikuwa kongwe. Ukongwe umesingiziwa mengi katika mji huu.

Wala maradhi haya si yetu peke yetu. Nyumba za mawe za wakulima wa Uingereza na Ufaransa, zilizojengwa kwa chokaa na kudumu karne nyingi, zilipigwa saruji katika karne ya 20 na zikaanza kuota ukungu na kumomonyoka kwa sababu hizi hizi. Na huko Uingereza jumuiya ya kulinda majengo ya kale, iliyoasisiwa na William Morris na wenziwe mwaka 1877, imekuwa ikiwafundisha wenye nyumba kuibandua saruji na kuirejea chokaa. Wenzetu hao wana fedha kutushinda, lakini somo lenyewe halina gharama kubwa. Na tukitaka mfano wa karibu, tuitazame Unguja, ambako Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likaua watu wawili waliokuwa katika kazi ya kulitengeneza. Jumba lile lilikuwa na chuma na zege ndani yake, na hali zake si hali za nyumba ya mtaa wetu wa Kibokoni; nalitaja kwa sababu moja tu, kwamba hapakuwa na jengo lenye jina kubwa kulishinda katika Mji Mkongwe ulio urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na milango yake ya nakshi ilisifiwa na kila mgeni. Sifa haikulishika.

Nitaambiwa kuwa nataka yasiyowezekana: kwamba matumbawe ya bahari hayakatwi tena, na sehemu ya bahari yetu ni hifadhi tangu mwaka 1986, kwamba ukataji wa mikoko umewekewa masharti, kwamba tanuu la kale hula kuni msitu mzima. Yote ni kweli, nami ni wa kwanza kuyaunga mkono masharti hayo, maana mtu hawezi kuokoa ukuta kwa kuua bahari. Lakini chokaa haikatai jiwe la nchi kavu, na jiwe hilo pwani hii si haba. Huweza kuchomwa katika tanuu la kisasa lisilotumia kuni, chokaa yake ikazimwa kwa maji na kulazwa shimoni kama zamani. Ama boriti, dawa yake ya kwanza ni kuzitunza zilizopo kwa kuuacha ukuta upumue, kabla ya kuwaza za kukata.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la mali, na juu ya hili inafaa tusidanganyane. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni mirathi isiyogawanywa, ambayo warithi wake wametawanyika, huyu Nairobi, yule Maskati, wengine Uingereza na Kanada, kila mmoja ana sehemu ndogo mno ya kumtia uchungu na kubwa ya kumwezesha kukataa nyumba isiuzwe. Nyingine ni wakfu, na kodi yake ni ya enzi zilizopita, haitoshi hata kununulia bati la kuziba paa. Mpangaji hatengenezi kwa kuwa nyumba si yake. Mwenyewe hatengenezi kwa kuwa haimpi kitu. Na hapo katikati hutokea mtu mwenye fedha taslimu anayengoja kuta zianguke ili apate kiwanja, kwani kiwanja kitupu katika Mji wa Kale kina bei kuliko nyumba yenye historia. Kwa mtu huyo saruji ni rafiki mwaminifu: huua nyumba polepole, na hakuna kanuni iliyovunjwa.

Kwa hiyo naiomba Serikali ya Kaunti ya Mombasa, inapotoa idhini ya kutengeneza nyumba katika eneo la hifadhi, iandike katika hati ile ile ni lipu gani itakayopigwa, kama inavyoandika juu ya urefu wa jengo na umbo la dirisha. Nayaomba Makumbusho ya Taifa, ambayo yana ujuzi wa kutunza kuta za Ngome ya Yesu na ile nyumba ya Kiomani iliyomo ndani yake, yachimbe shimo la chokaa mjini, yaiuze kwa bei ya gharama, na yawachukue vijana wa mitaa ya Kuze na Mkanyageni wajifunze kazi hiyo kwa malipo, si kwa cheti peke yake. Nayo Tume ya Wakfu ianze na nyumba zilizo mikononi mwake, kwani wakfu uliotolewa kwa ajili ya thawabu ya kudumu haukutolewa ili uanguke.

Nawe mwenye nyumba, masika yakisha ukaona lipu imebenuka chini ya dirisha, usikimbilie dukani kununua mfuko wa saruji. Ibandue ile iliyopo mpaka jiwe lionekane, uuache ukuta ukauke hadi kaskazi ipite, kisha umtafute mmoja katika waashi wachache waliobaki wanaoijua chokaa, umlipe ujira wake kamili, na umpe mwanao amshikie mwiko.